Oshino Hakkai, kijiji cha mabwawa manane chini ya Mlima Fuji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ndugu na marafiki wanaofika Tokyo huniuliza mambo yaleyale kila mwaka, nami nimechoka kuyajibu moja moja kwa sauti za WhatsApp. Nimeyakusanya hapa. Mengine yana majibu marefu kwa sababu yanastahili, mengine hayana.

Oshino Hakkai ni nini hasa, na iko wapi?

Oshino ni kijiji cha mkoa wa Yamanashi, kati ya mji wa Fujiyoshida na Ziwa Yamanaka, kiasi cha mita 940 juu ya usawa wa bahari. Ndani yake mna mabwawa manane yanayolishwa na chemchemi, na hayo ndiyo Hakkai. Kwa Kijapani neno hilo maana yake ni "bahari nane". Usije ukapeleka macho kutafuta bahari. Dogo kuliko yote, Okama, lina mita za mraba 24 tu, yaani chumba kimoja kizuri cha kulala. Waliyaita bahari kwa heshima, kwa kuwa waliamini kila moja lina mfalme wake wa majoka, na mfalme hakai kwenye dimbwi.

Wengine hulichanganya jina hili na Shirakawa-go, kijiji cha mapaa marefu ya nyasi yaliyosimama kama viganja vya mtu anayeomba dua. Hicho kipo mkoa wa Gifu, mbali kabisa na hapa. Oshino pia utaona mapaa ya nyasi, lakini ni machache, na si ndiyo yanayovuta watu. Huku watu hufuata maji.

Maji hayo yanatoka wapi, na mbona ni meupe namna ile?

Yanatoka mlimani, lakini si kwa njia unayoifikiria. Fuji una urefu wa mita 3,776 na hupata theluji na mvua nyingi, ila ukiuzunguka utashangaa kwamba hauna mito ya kudumu inayoteremka ubavuni mwake. Lava yake ya juu ni changa na ina matundu kama sifongo, kwa hiyo tone likianguka linazama. Chini kabisa kuna tabaka la zamani la volkeno iliyotangulia, lililoshikamana, lisilopitisha maji. Tone linapofika hapo linaanza kuteleza gizani kuelekea bondeni, linachujwa njia nzima, mpaka lipate upenyo litokeze. Oshino ni mojawapo ya sehemu za kutokea. Waongozaji wa watalii hupenda kusema kwamba safari hiyo huchukua miaka 80. Wewe shika tu kwamba ni safari ndefu, na ndiyo sababu maji yanatoka hayana hata chembe ya tope.

Kwa mtu wa Mombasa jambo hili si geni kama anavyodhani. Chemchemi za Mzima, pale Tsavo Magharibi, zinafanya kazi ileile: mvua ya Milima ya Chyulu inazama kwenye lava, inatokea Mzima ikiwa safi, na bomba linaibeba hadi mjini. Na wa Moshi anayo Chemka yake chini ya Kilimanjaro. Tofauti kubwa ni kwamba Chemka unaruka na kuogelea, huku Oshino ukijaribu hivyo utakuwa umeharibu siku yako na ya wengine.

Joto la maji ni kama nyuzi 13 mwaka mzima, kiangazi na baridi. Ndiyo maana asubuhi za Januari, hewa ikiwa imeshuka chini ya sifuri na nyasi zimevaa barafu, mabwawa hufuka mvuke kama sufuria za chai.

Zamani za kale eneo lote hili lilikuwa ziwa. Mlipuko wa Fuji wa miaka ya 800 hadi 802 ulimwaga lava iliyoligawa ziwa kubwa la Utsu. Upande mmoja ukabaki kuwa Ziwa Yamanaka la leo, upande wa pili ukawa Ziwa Oshino. Hili la pili baadaye lilipata njia ya kutokea mtoni, likakauka, na chemchemi zilizokuwa sakafuni mwake zikabaki zinabubujika peke yake. Kwa hiyo unapotembea kijijini unatembea juu ya sakafu ya ziwa.

Lile bwawa la duara, la buluu iliyokolea, lenye samaki wanaoelea kama wako hewani: ndilo lipi kati ya manane?

Si mojawapo. Hili ndilo jibu linalowaudhi watu kuliko yote, nami husema mapema.

Linaitwa Naka-ike, "bwawa la kati". Limechimbwa na watu, liko mlangoni pa duka la zawadi, lina kina cha mita 8 hivi, na kwa kuwa ni refu kwenda chini na lina maji meupe, rangi yake inapendeza kuliko mabwawa yenyewe. Pembeni yake watu husimama safu tatu, simu juu. Wengi hupiga picha hapo, hula kitu, hupanda basi, na hurudi Tokyo wakiamini wameiona Oshino Hakkai. Hawakuiona hata moja kati ya zile bahari nane.

Sisemi lisitazamwe. Ni zuri, na samaki wake wanene wana majivuno kama watoto wa mwenye duka. Ila litazame dakika tano, kisha uende kwenye Waku-ike, hatua chache tu kutoka hapo, ambalo ni la kweli na lina maji mengi kupita yote ya kundi lililo katikati ya kijiji. Inama uangalie chini: majani ya majini yanacheza japo hakuna upepo, kwa sababu chemchemi inayasukuma kutoka chini.

Majina ya yale manane ni yapi, na kila moja lina hadithi?

Kila moja lina hadithi, na bila hadithi hizo utaona tu maji manane yanayofanana. "Ike" maana yake bwawa, nawe lisome kama lilivyoandikwa, i-ke. Kijapani kikiandikwa kwa herufi zetu hutamkika karibu kama Kiswahili, na hiyo ni neema tuliyopewa sisi, Waingereza wakanyimwa.

La kwanza ni Deguchi, "mahali pa kutokea", kubwa kuliko yote, nalo liko mbali na wenzake. Nitalirudia.

Okama ni "chungu". Husimuliwa kwamba palikuwa na baba na binti zake wawili, na mmoja akiwa anafua pale, chura mkubwa alijitokeza akamvuta chini. Baba alitafuta asimwone tena. Jirani yake katika hadithi ni Sokonashi, "lisilo na mwisho chini". Ukiosha chombo kikakuponyoka hapo, maji yanakizungusha na kukimeza, kisha kinaibukia Okama. Wazee walikuwa wanaeleza kwa hadithi kitu ambacho lava inafanya kweli: chini kwa chini, mabwawa haya ni ndugu.

Choshi ni chupa ya kumiminia sake, pombe ya mchele ya Kijapani, na hadithi yake ndiyo ninayoipenda, japo ni ya huzuni. Bibi harusi alikuwa amekaa mbele ya wageni, ushuzi ukamponyoka. Kwa fedheha akainuka na chupa ya sake mkononi, akakimbia, akajitupa bwawani. Ajabu ni kwamba bwawa hilo leo linahesabiwa kuwa la kuunganisha wachumba, na wenye kutafuta mwenza hulizuru. Sijui nani alifanya hesabu hiyo, ila nadhani watu wa kijiji walimwonea huruma yule binti wakaamua kumpa kazi ya heshima.

Waku ni "kububujika". Mlima ulipolipuka na nchi ikawaka, watu walilia maji. Sauti ya Konohanasakuya-hime, mungu wa kike wa Fuji, ikawaambia wamwamini naye atawapa maji ya kunywa daima. Nigori ni "lenye vurugu". Mtawa mchafu, amevaa matambara, aliomba kikombe cha maji, bibi kizee wa nyumba ile akamnyima. Papo hapo maji yakachafuka. Lakini yakitekwa kwenye chombo, inasemekana, hurudi kuwa meupe. Nani kwetu hajasimuliwa hadithi ya mgeni aliyenyimwa maji?

Kagami ni "kioo". Siku tulivu mlima wote unalala kichwa chini ndani yake. Liliaminiwa kwamba linajua kutenganisha mwema na mbaya, basi watu wakigombana kijijini walikwenda kujisafisha kwa maji yake. La mwisho, Shobu, lina majani marefu yanayonukia ya mmea wa jina hilo. Mke kijana alimfunga mumewe mgonjwa wa kifua kwa majani hayo, akapona.

Je, ni mahali pa ibada?

Ndiyo, na kwa muda mrefu palikuwa pa ibada kabla ya kuwa pa utalii. Wakati wa Edo, yaani kati ya mwaka 1603 na 1868, kulikuwa na vyama vya waumini wa Mlima Fuji, vilivyoitwa Fuji-ko. Wafuasi wake walitembea kwa miguu, wakazunguka mabwawa manane wakijitakasa, ndipo wakaukabili mlima. Palikuwa baridi, nao walivaa mavazi meupe. Wanawake walikatazwa kupanda hadi kileleni mpaka mwaka 1872.

Mabwawa yalitangazwa kuwa kumbukumbu ya asili ya taifa mwaka 1934, mwaka 1985 yakaingizwa katika orodha ya maji 100 mashuhuri ya Japani, na mwaka 2013 Fuji ulipoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO, ukiwa na sehemu 25, mabwawa haya yalihesabiwa kila moja peke yake. Yaani theluthi nzima ya orodha ile, ukitoa kidogo, iko hapa kijijini. Uliingizwa kama urithi wa utamaduni, si wa asili: ibada na sanaa ndizo zilizoupa nafasi.

Naweza kuogelea, kuchovya miguu, au kutupa sarafu nikaomba?

Hapana, hapana, na hapana. Hili la sarafu ndilo linalowashinda watalii wengi. Sarafu zinachafua maji na kuharibu mimea, vibao vya kukataza viko kwa lugha kadhaa, na bado chini utaona zinang'aa. Kuna sehemu zilizotengwa ambapo unaruhusiwa kuteka maji na kutia mkono, tumia hizo. Jaribu kuzamisha kiganja uhesabu mpaka thelathini. Utaacha kuhesabu kabla.

Nafikaje kutoka Tokyo?

Njia nyepesi ni basi la masafa kutoka kituo cha mabasi cha Shinjuku. Yako yanayokwenda Kawaguchiko au stesheni ya Fujisan kwa muda wa saa mbili hivi kama barabara haijafungana, na mengine huendelea upande wa Ziwa Yamanaka yakipitia Oshino Hakkai. Ukishukia Kawaguchiko au Fujisan unabadili basi la eneo, safari ya kama nusu saa au chini yake. Kwa treni unapanda laini ya Chuo hadi Otsuki, kisha treni ya Fujikyu hadi Fujisan.

Weka nafasi ya basi mapema, hasa wikendi na msimu wa maua. Na kabla hujaenda kutazama bwawa lolote, piga picha ratiba ya basi la kurudi iliyobandikwa kituoni. Mimi niliwahi kuamini kwamba "yatakuwepo tu", kama daladala. Hayakuwepo. Nilitembea jioni ile, giza likinikuta njiani, nikijifunza kwamba Japani basi la mwisho ni la mwisho.

Niende msimu gani, na saa ngapi? Fuji nitauona?

Fuji hauna ahadi na mtu. Ila kuna kanuni mbili: majira ya baridi anga huwa safi zaidi kuliko ya joto, na asubuhi ni bora kuliko mchana, maana mawingu huupanda mlima kadiri jua linavyopanda. Kati ya Desemba na Februari utauona mara nyingi, mweupe mpaka mabegani. Vaa kweli lakini; hii si baridi ya Lushoto wala ya Limuru, hapa hushuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri usiku.

Maua ya mcheri Oshino huchelewa kwa sababu ya mwinuko. Tokyo yakiwa yamekwisha pukutika, hapa hufunguka mwishoni mwa Aprili, kando ya mto Shinnasho, na mlima nyuma yake. Majani mekundu ni mwanzo wa Novemba. Kiangazi ni kijani na kinapendeza, ila mlima hujificha siku nyingi, na msongamano ni wa soko la Kariakoo mkesha wa Idi.

Kuhusu saa, fika kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Makundi ya mabasi huja katikati.

Kiingilio ni kiasi gani?

Bure, isipokuwa bwawa moja. Sokonashi limo ndani ya uwanja wa Hannoki Bayashi, nyumba kongwe ya mkulima iliyogeuzwa kuwa jumba la kumbukumbu, na kiingilio chake ni yeni 300 hivi. Walipe. Ndani kuna zana za kilimo, mavazi ya vita ya samurai, harufu ya moshi wa miaka mingi kwenye nguzo, na nje kuna kimya ambacho hukupata kule kwenye duka. Beba fedha taslimu na sarafu.

Deguchi liko mbali. Kweli kuna haja ya kwenda?

Ndiko hasa ninakotaka uende. Ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu kutoka kundi la kati, ukipita nyumba za watu na bustani zao za mboga. Hakuna duka la zawadi wala wapiga picha wa harusi. Maji ni mapana, yametulia, miti imeyainamia, na juu kidogo kuna hekalu dogo. Hapa ndipo mahujaji walipoanzia mzunguko wao. Mara ya mwisho nilikuta mzee mmoja anafagia majani makavu, tukaamkiana kwa kuinamisha vichwa, basi. Nilikaa karibu saa nzima.

Nile nini? Na je, ni halali?

Chakula cha hapa ni matunda ya maji. Soba, tambi za kijivu, huliwa baridi au kwenye mchuzi. Kuna tofu laini. Kuna samaki wa maji baridi anayeitwa iwana, anachomekwa kijiti, anapakwa chumvi na kusimamishwa kando ya makaa mpaka ngozi ikakamae. Na kuna kusamochi: mkate wa mchele unaonata, rangi ya kijani kutokana na majani ya yomogi, ambayo ni jamii ya pakanga, ndani umejazwa maharage mekundu yaliyosagwa na sukari, kisha umebanikwa mbele yako. Kula ungali moto.

Kwa Mwislamu: samaki wa chumvi na viazi vitamu vya kuchoma havina tatizo. Mchuzi wa soba ni jambo jingine, kwani mara nyingi hutiwa mirin, ambayo ni pombe ya kupikia, na sosi ya soya nayo huweza kuwa na kileo. Uliza, au beba chako. Sala utaswali popote penye utulivu; kibla kutoka Japani ni upande wa magharibi ukikata kidogo kwenda kaskazini.

Ni kijiji cha kweli au maonyesho?

Vyote viwili. Sehemu ya kati ni biashara tupu, nami sitakuficha. Lakini pembeni watu wanaishi, wanalima kabichi na mahindi, wanapeleka watoto shule. Na jambo linalowashangaza wageni: makao makuu ya FANUC, moja ya kampuni kubwa duniani za roboti za viwandani, yako katika kijiji hikihiki, majengo na magari yake yote ya manjano, msituni. Hujaingia kijiji cha maskini waliokaa kusubiri watalii. Kwa hiyo usichungulie madirisha ya watu wala usiingie mashambani kutafuta pembe nzuri ya picha.

Siku moja inatosha?

Saa mbili na nusu hadi tatu kwa mabwawa yote manane. Anayekwenda Naka-ike pekee humaliza kwa dakika arobaini, na hilo ndilo tatizo lake.

Nikiwa na mzazi mzee au mtoto kwenye kigari?

Njia za kati ni tambarare. Mabwawa mengine yana uzio mfupi sana au hayana kabisa, kwa hiyo mtoto anayetembea ashikwe mkono.

Viza?

Wenye pasipoti za Tanzania na Kenya huhitaji viza kabla ya safari. Maombi hupelekwa ubalozi wa Japani Dar es Salaam au Nairobi. Hakuna ndege ya moja kwa moja, utabadilisha Doha, Dubai, Addis Ababa au kwingineko.

Naweza kubeba maji nyumbani?

Unaweza. Duka huuza chupa tupu na unajaza mwenyewe. Usiiweke kwenye begi la mkononi, itanyang'anywa uwanja wa ndege. Ifunge vizuri ndani ya sanduku kubwa. Mimi nilimpelekea mama yangu lita moja, ikavuka mabara mawili salama. Akaonja, akanitazama, akaniuliza kama kule dukani hapakuwa na kitenge.